Mbegu ya Mzee Hija

Karatasi ilikuwa ya baridi. Nianze na hilo, maana kila aliyewahi kukaa nami dakika tano pale sokoni kwetu Bububu anaijua habari ya karatasi ya baridi, na wengine wameisikia mara nyingi mpaka wananisahihisha nikiruka kipande.

Mwaka 2006 tuligawana mabanda kwa kura. Majina yalitiwa ndani ya kofia, mkono ukaingia, na jina la kwanza kutoka likapewa banda namba moja, lile la langoni ambalo kila gari iendayo shamba hulipita. Jina lilikuwa la Machano, mwenyekiti wa kamati, ambaye kofia nayo ilikuwa yake. Mimi nikapewa karatasi niisome kwa sauti, kwa sababu sauti ninayo. Nikaishika. Ilikuwa ya baridi, na unyevu kidogo. Sasa Machano anauza barafu na samaki wa barafu. Sikuhitaji zaidi. Karatasi imelazwa ndani ya friza ili mkono uitambue kofiani! Nikasoma jina, kisha nikapaza: "Na hii karatasi ni ya baridi!" Watu wakacheka. Walidhani nafanya mzaha.

Tangu siku hiyo nimeandika barua arubaini na moja. Nakala zote ninazo, ndani ya boksi la feni, zimepangwa kwa tarehe. Nimesimama kwenye kila mkutano wa soko, hata mkutano wa kuchagua rangi ya choo, nikaanza na, "Kabla hatujaendelea, tukumbuke mwaka 2006." Kazi yangu ni kutengeneza redio na simu, lakini jina langu sokoni si Ubwa Fundi. Ni Ubwa Barua.

Mwaka huu soko la zamani likavunjwa kupisha barabara, likajengwa jipya la mabanda ishirini na saba. Sita tu yanatazama barabara. Mengine yanatazamana yenyewe kwa yenyewe, na la mwisho kabisa, namba ishirini na saba, linatazama choo. Kamati ikasema itapigwa kura. Nikasimama.

"Kwa kofia ya nani?" nikauliza.

"Ubwa," akasema Machano, amechoka kabla sijaanza, "unataka nini?"

"Mashine. Kitu kisichokuwa na mjomba, kisichokuwa na shemegi, na kisichouza barafu."

"Unayo?"

"Nitaitengeneza."

"Itengeneze," akasema. "Lakini soko linafunguliwa Jumatatu ya tarehe kumi. Jumamosi kabla yake kura ipigwe, iishe. Ikiharibika, nagawa mimi kwa mkono wangu, na wewe barua zako uache."

Nikakubali mbele ya watu. Ningekubali hata kunyoa nyusi, nilivyokuwa na uhakika.

Elimu yangu ya kompyuta nimejipa mwenyewe. Laptopu yangu ni ya mkono wa nne, na lugha ya C nimejifunza kwenye kitabu cha fotokopi nilichokinunua mjini, Darajani, kwa mtu anayeuza chaja. Kitabu kinatoka ukurasa 166 kinarukia 169. Nikaona, kama ninavyoona siku zote, kwamba kurasa mbili haziwezi kuwa na jambo la maana wakati mia tatu ninazo.

Mashine haina bahati, hili nililifahamu vizuri na nikawaeleza wenzangu mpaka wakaomba radhi. Ina hesabu tu. Lugha ile imekuja na maktaba yake ya kazi zilizokwisha kuandikwa, na mbili kati ya hizo ndizo nilizozitaka. Moja inaitwa rand: ukiiita inatema nambari, ukiiita tena inatema nyengine, zinaonekana kama zimerushwa ovyo. Ya pili inaitwa srand: hiyo unaipa mbegu, yaani nambari ya kuanzia. Mbegu ile ile huzaa nambari zile zile kwa mpangilio ule ule, leo na mwakani. Badilisha mbegu, mpangilio wote unabadilika.

Programu yangu ya kwanza haikuwa na mbegu, maana sura hiyo nilikuwa sijaifikia. Nikaandika majina ishirini na saba, nikaiambia iyachanganye, nikabonyeza. Jina la juu kabisa, banda namba moja, likatokea Ubwa.

Nitasema kweli. Niliitazama ile skrini nikaona mashine ina akili. Sikubonyeza mara ya pili. Nilikwenda kuchapisha ile orodha vile vile ilivyo, nikaandika juu yake MFANO kwa herufi kubwa, nikaibandika kwenye nguzo ya muuza kahawa ili watu wazoee kuona mambo ya kisasa. Ilikaa pale wiki tatu. Kila mtu aliisoma. Chini kabisa, banda la chooni, lilikuwa na jina la Bi Sichana.

Bi Sichana anauza choroko, kunde na mbaazi. Goti lake moja halikunji, na katika kura zote ninazozikumbuka, nami nazikumbuka zote, hajapata banda la mbele hata mara moja.

"Ubwa mwanangu," akaniambia, "mbona mashine yako imenipeleka chooni?"

"Mfano tu huo, Bi Sichana. Si kura."

"Na wewe umejiweka langoni kwa mfano?"

"Imeniweka yenyewe."

"Aa," akasema, na akaendelea kupepeta.

Baadaye nikafika sura ya mbegu, nikaitia srand ndani ya programu. Nikajaribu kwa 55, kwa 786, kwa mwaka niliozaliwa. Kila mara orodha mpya, na mimi mara nyingi nipo huko nyuma. Safi. Na mbegu ya siku yenyewe nikaamua isitoke kwangu wala kwenye saa ya mashine, wasije wakasema nimevizia sekunde. Itajwe na watu, hadharani. Hapo hata Machano alinitikisia kichwa kukubali.

Jumamosi baada ya sala ya Alasiri tukakusanyika chini ya bati jipya. Niliazima projekta ya mpiga video wa harusi, tukatundika shuka, majina yetu yakaonekana makubwa kama ya maharusi. Nikahutubia. Nilianza na mwaka 2006, nikafika mwaka huu haraka kuliko kawaida, nikamaliza kwa kusema: "Leo hapana kofia. Leo hapana friza. Mbegu mtaitaja nyinyi, nambari yoyote, hata mkitaka ya mamilioni. Nani anataja?"

Wakamgeukia Mzee Hija. Ndiye mkubwa wetu kuliko wote, amefanya kazi Kizimbani kwenye vitalu vya mikarafuu mpaka alipostaafu, na sasa anauza viungo. Akipima karafuu kwa pishi, ya kwanza haiti moja. Anasema, "Mungu mmoja," kwa sauti, ndipo anaendelea, mbili, tatu. Wazee wake walipima hivyo, na hakuna mteja aliyewahi kumuuliza.

Mzee Hija akasimama, akajishika kofia.

"Mungu mmoja," akasema. "Tia moja."

"Mungu mmoja!" likaitikia soko zima, na mwengine nyuma akasema amin.

Nani angepinga? Mimi mwenyewe nililengwalengwa na machozi. Katika nambari zote duniani, mzee huyu kachagua ile inayotukusanya sote. Nikaandika 1, nikabonyeza.

Shukani likatokea jina la kwanza: Ubwa.

Nikatabasamu kidogo. Nikaukaza uso, nisionekane nimefurahi. Kisha nikasikia karatasi inachanwa kutoka kwenye nguzo ya muuza kahawa, hapo kando.

Alikuwa Faiza, anayeuza kanga na nguo za watalii, mwenye ulimi ambao hata mimi naupisha. Alikuwa ameshika ule MFANO wangu, anausoma huku anatazama shuka.

"Wa pili hapa, wa pili pale," akasema. "Wa tatu hapa, wa tatu pale. Wa nne." Akashuka hivyo mpaka chini. "Ishirini na saba, Bi Sichana. Hapa na pale." Akanigeukia. "Ubwa Barua! Wiki tatu umetubandikia wizi wako nguzoni, na sisi tunaunywea kahawa!"

"Haiwezekani," nikasema.

"Haiwezekani nini? Huoni?"

"Wallahi nambari ameitaja Mzee Hija!"

"Basi umemuhonga Mzee Hija!"

"Mimi?" akasema Mzee Hija. "Hata soda?"

Pakawaka moto. Mmoja anataka projekta izimwe, mmoja anataka nishikwe. Nikapiga kelele kuliko wote, huo ndio ufundi wangu, nikasema tupige tena, watie nambari nyengine yoyote. Faiza akainua mkono.

"Moja alikuwa kaiandaa," akawaambia watu. "Na nambari nyengine pengine kaziandaa pia, nani anajua. Mimi nataka asitie kitu. Atie sifuri. Sifuri haina kitu ndani, hawezi kuficha kitu humo."

Ilikuwa hoja nzuri. Mpaka leo naiona nzuri. Nikaandika 0, nikabonyeza kwa kidole kilichojaa imani.

Ubwa, namba moja. Na wengine wote, mmoja mmoja, kama kwenye nguzo. Bi Sichana, chooni.

"Lo!" akasema Faiza, na safari hii hakupiga kelele, alisema kwa hofu. "Huyu kaihonga mpaka sifuri."

Hapo ndipo nilipokaa chini. Nimewahi kutuhumu watu kwa mengi, lakini sikuwahi kupewa ushahidi mzuri namna ile. Lau ningekuwa upande wa pili, barua ningeshaimaliza.

Nikasikia mtu anagonga meza. Machano.

"Tulieni," akasema. "Ubwa si mwizi."

Watu wakamtazama kama kwamba yeye ndiye aliyepotewa na akili.

"Mimi namjua huyu. Miaka yote hii ananitukana, hakuna anayemjua kama mimi. Mwizi hubandika wizi wake kwenye nguzo ya kahawa? Mwizi huandika MFANO juu yake? Huyu kuna kitu hakukijua. Ubwa, nini hukukijua?"

Katika maisha yangu sijaulizwa suala lililoniuma kama lile. Wakinipa kuchagua baina ya mwizi na mjinga, niseme tu, nilifikiri kidogo. Mwizi angalau ana hadhi ya kupanga jambo.

Lakini nikakumbuka kurasa 167 na 168.

Laptopu yangu ina maelezo ya kazi zake ndani yake, yameandikwa na waliozitengeneza, kwa Kiingereza. Sikuwahi kuyasoma, maana nilikuwa na kitabu. Nikayafungua shukani, hapo hapo, nikamwambia Faiza ayasome yeye, anayezungumza Kiingereza na wazungu kutwa, wasije wakasema natafsiri kwa faida yangu. Akasogea, akasoma kimoyomoyo, midomo inacheza.

"Inasema hivi," akasema pole pole. "Kama hakuna mbegu iliyotolewa, rand inajitilia mbegu yenyewe. Na mbegu hiyo ni moja." Akasoma tena. "Moja. Imeandikwa."

"Yaani?" akauliza mtu.

Mzee Hija alifahamu kabla yangu. Ana miaka arubaini ya vitalu.

"Yaani ule mfano wake aliupanda bila ya kutia mbegu," akasema, "na shamba likatia moja, bila ya kumwambia. Leo mimi nikamwambia atie moja. Tumepanda kitu kile kile, kimeota kile kile." Akatikisa kichwa. "Kumbe hata hiyo mashine inaanza na Mungu mmoja."

"Na sifuri?" akauliza Faiza.

Sifuri sikuijua. Nikasema sijui. Sidhani kama niliwahi kulitamka neno hilo pale sokoni. Watu walinigeukia kama kwamba nimeadhini. Wiki mbili baadaye nilikwenda kuyafungua maandishi yenyewe ya maktaba ile, nikaikuta: ukiipa sifuri inaibadilisha kuwa moja, kimya kimya, kwa sababu sifuri ingekwamisha hesabu yake, ingetoa sifuri tupu. Lakini siku ile nilikuwa nimesimama mbele ya watu ishirini na sita na jibu sina.

"Sawa, nimemsadiki," akasema Machano. "Na nitakwambieni kwa nini nimemsadiki. Kwa sababu na mimi karatasi yangu kweli ilikuwa ya baridi."

Nikaruka. "Mmesikia? Mmesikia!"

"Kaa, Ubwa. Mwaka ule majina niliyaandika nyumbani, yote, nikasahau langu. Nikaja kukumbushwa dukani, watu wameshakaa wananisubiri. Nikachana karatasi, nikaliandikia juu ya mfuniko wa friza, mikono imerowa, nikalitia kofiani. Likatoka la kwanza. Nifanyeje? Nani angenisadiki? Nikanyamaza. Wewe hukunyamaza."

 Ilikuwa hadithi ya kijinga, haina hata kichwa cha kushikia. Ilifanana sana na yangu.

Bi Sichana ndiye aliyetuokoa, kwa sababu alikuwa amechoka kusimama na goti.

"Mmemaliza?" akasema. Akaburura gunia lake la choroko mpaka katikati, akaweka beseni. "Kila mtu achote kwa vidole vitatu, atie humu. Si kwa kiganja, vidole vitatu. Kisha tuhesabu. Zikitimia ngapi, hiyo ndiyo mbegu. Sasa nani atakuwa kaipanga, kila mtu na vidole vyake?"

 Mimi nilikuwa na kitabu cha kurasa mia tatu, yeye alikuwa na gunia.

Wakapita mmoja mmoja. Wengine walisoma Bismillahi, Faiza aligeuza uso upande kabisa, Mzee Hija alichota punje nne akasema zinamtosha. Kisha zikahesabiwa juu ya mkeka, watu wawili wanahesabu na kumi wanawahesabia, na zikahesabiwa tena kwa sababu mmoja alipiga chafya. Mimi nilikatazwa kugusa choroko. Nilikatazwa kugusa hata laptopu.

Mia nane na kumi na tatu.

Faiza akaandika 813 kwa kidole chake mwenyewe, akabonyeza, akauangalia ule mfano kuhakikisha haufanani.

Banda namba moja: Machano.

 Watu wote, bila ya kuambiana, waligeuka wakanitazama mimi. Wengine walikuwa wameshaanza kutabasamu, wanasubiri. Machano mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesubiri maji ya baridi.

Nilihisi maneno yananipanda kifuani kwa ule mpangilio wao, mpangilio ule ule wa kila mwaka, yakizaliwa kutoka mbegu ile ile: Kabla hatujaendelea, tukumbuke. Mdomo ukafunguka. Ningeweza. Wangenisikiliza, na baadhi wangenifuata, na kura ingevunjika, na Bi Sichana, ambaye nilimuona shukani namba tano, mbele, barabarani, angerudi kusubiri mkono wa mtu.

"Haya, Ubwa Barua," akasema Faiza. "Sema."

"Halali," nikasema.

"Sauti!"

"Nimesema halali! Choroko ni zenu, vidole ni vyenu, mashine ni yangu. Machano ameshinda. Halali!" Na kwa kuwa nilikuwa nimeshasimama, na sijazoea kukaa baada ya neno moja, nikaongeza: "Na pengine hata mwaka ule."

"Pengine?" akasema Machano.

"Usinisukume," nikasema. Soko zima likaangua kicheko.

Mimi nilipata namba ishirini na tatu. Nikinyoosha shingo naona mlango wa choo, lakini si wote.

Jumatatu asubuhi, kabla ya mlango kufunguliwa, nilikwenda kwa Machano kuchukua hati yangu ya banda. Alikuwa anawaandikia watu, mmoja mmoja, hana meza bado. Ameinama juu ya friza, mfuniko umetoka jasho, mikono imerowa mpaka viwikoni.

"Shikamoo mwenyekiti," nikasema, ingawa hanizidi hata mwaka.

"Marahaba, Barua," akasema, na akanipa hati bila ya kuinua kichwa.

Nikaishika. Ilikuwa ya baridi, na unyevu kidogo.

Nilisimama pale mpaka aliyekuwa nyuma yangu akanisukuma. Kisha nikaenda bandani kwangu, nikatoa kalamu, nikaanza barua ya arubaini na mbili. Safari hii ni ya kuomba radhi. Bado sijaipeleka. Mistari mitatu ya kwanza imekaa vizuri sana, lakini kila nikifika wa nne najikuta nauliza kwa nini kamati isimnunulie mwenyekiti wake meza.